Halijoto ndiyo huamua kasi ya sauti hewani, wala si urefu wa mlima

Muulize mwanafunzi yeyote wa fizikia ni wapi sauti husafiri kwa kasi zaidi kati ya Mombasa na Nyahururu, na aghalabu atakujibu kuwa ni Mombasa. Jibu hilo ni sahihi. Mwulize basi sababu yake, na hapo ndipo wengi huteleza.

Wengi hudai kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, shinikizo lake ni dogo, na kwa hivyo haina uwezo wa kuibeba sauti ipasavyo. Dai hilo linavutia kwa mtazamo wa juujuu, lakini halina ukweli.

Mombasa huishinda Nyahururu kwa sababu moja kuu: hewa yake ina joto zaidi. Lau ingetokea siku moja miji hiyo miwili iwe na halijoto sawa, basi sauti ingesafiri kwa kasi ile ile kotekote, licha ya kwamba Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari.

Jambo hili huenda likaonekana kuwa la darasani tu. Hata hivyo, ndilo linaloamua ikiwa ndege imevuka kasi ya sauti au la, ni kwa nini tarumbeta hupotoka sauti wakati wa baridi, kwa nini muziki wa baa ya mbali hukukosesha usingizi usiku ilhali mchana huusikii, na kwa nini mchungaji anaweza kuuona umeme bila kusikia ngurumo yake na akajidanganya kuwa yu salama.

Ili kuyaelewa hayo, yafaa kuanza na sauti yenyewe. Sauti ni mtikisiko unaopokezanwa na chembe ndogo mno za hewa, yaani molekuli. Hakuna molekuli inayotoka kinywani mwa msemaji ikaenda hadi sikioni mwa msikilizaji. Kila moja humsukuma jirani yake kisha ikarejea ilikokuwa.

Mfano wake ni watu waliojipanga mstari kutoka mtoni hadi kwenye nyumba inayoteketea, wakipokezana ndoo za maji. Ndoo husafiri, watu hawaondoki mahali pao. Kasi ya ndoo hutegemea wepesi wa mikono ya wale waliojipanga.

Wepesi wa mikono ya molekuli ndio tunaouita joto. Katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, molekuli huruka huku na huko kwa wastani wa zaidi ya mita 450 kwa sekunde, zikigongana bila kikomo. Sauti katika hewa hiyo husafiri mita 343 kwa sekunde. Kasi hizo mbili ni jamaa wa karibu: hewa ikipashwa joto, molekuli huongeza mbio, na ujumbe hupokezanwa upesi zaidi.

Je, shinikizo nalo? Ni kweli kwamba hewa iliyobanwa hujibu msukumo kwa nguvu zaidi, na hilo peke yake lingeiongezea sauti kasi. Lakini hewa hiyo hiyo iliyobanwa ina molekuli nyingi zaidi za kusukumwa, na uzito huo huipunguzia sauti kasi kwa kiwango kile kile. Faida na hasara hufutana. Kinachobaki ni joto.

Unyevu pia una mchango, ingawa ni mdogo. Molekuli za mvuke wa maji ni nyepesi kuliko za naitrojeni na oksijeni, kwa hivyo hewa yenye unyevu mwingi, kama ya Pwani mwezi wa Aprili, huisafirisha sauti kwa kasi kubwa kidogo kuliko hewa kavu. Tofauti hiyo haifiki asilimia moja katika mazingira ya kawaida.

Kanuni inayotumika shuleni ni rahisi. Katika nyuzi sufuri za Selsiasi, sauti husafiri mita 331 kwa sekunde. Kila joto linapopanda kwa nyuzi moja, ongeza sentimita 60. Asubuhi ya nyuzi 10 kule Limuru, kasi ni mita 337. Alasiri ya nyuzi 30 mjini Mombasa ni mita 349. Lodwar inapofikisha nyuzi 35, ni mita 352. Karibu na kilele cha Mlima Kenya, ambako joto hukaribia kiwango cha maji kuganda, ni mita 331.

Anayetaka usahihi zaidi hana budi kutumia kipeuo cha pili. Kasi ya sauti hulingana na kipeuo cha pili cha halijoto inapohesabiwa kwa kipimo cha kelvini, ambacho huanzia nyuzi 273 chini ya sufuri ya Selsiasi. Kutoka nyuzi sufuri hadi nyuzi 30, halijoto hiyo hupanda kwa asilimia 11 lakini kasi ya sauti hupanda kwa takriban asilimia tano na nusu tu. Kwa hali ya hewa ya kawaida, kanuni ya sentimita 60 inatosha.

Wataalamu hawakuyafikia maelezo haya kwa urahisi. Historia yake ni mojawapo ya visa vya kuvutia mno katika fizikia, kwa kuwa ndani yake aliteleza hata Isaac Newton.

Katika kitabu chake cha Principia, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1687, Newton alikokotoa kasi ya sauti kwa kutumia shinikizo na uzito wa hewa pekee. Toleo la pili la mwaka wa 1713 lilitaja futi 979 kwa sekunde, yaani takriban mita 298. Tatizo ni kwamba vipimo vilikuwa vikisema jambo jingine.

Kasisi mmoja Mwingereza, William Derham, alikuwa amepanda kwenye mnara wa kanisa lake huko Upminster, mashariki ya London, akiwa na darubini. Bunduki zilifyatuliwa kutoka maeneo jirani, naye akahesabu muda kati ya kuuona mmweko na kuusikia mlio. Alipata futi 1,142 kwa sekunde, karibu mita 348.

Pengo kati ya hesabu ya Newton na kipimo cha Derham lilikuwa kubwa mno kupuuzwa. Newton alijaribu kuliziba kwa kudai kwamba chembe za hewa zenyewe huchukua nafasi, na kwamba mvuke uliomo hewani haushiriki katika kuipitisha sauti. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ilikuwa viraka juu ya viraka. Hesabu ililazimishwa kufika ilikotakiwa.

Derham naye, pamoja na umakini wake wote, aliamini kwamba majira hayabadilishi kasi ya sauti. Ilibidi wengine wamsahihishe. Mwaka wa 1740, Giovanni Ludovico Bianconi alipima huko Bologna, Italia, wakati wa kiangazi na wakati wa baridi, akabaini kwamba sauti ilichukua muda mfupi zaidi kusafiri umbali ule ule wakati wa joto.

Katika miaka iyo hiyo ya 1740, Mfaransa Charles-Marie de La Condamine alikuwa Amerika Kusini na ujumbe uliotumwa kupima umbo la dunia. Alipima kasi ya sauti Quito, mji wenye baridi ulioko zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, kisha akapima tena Cayenne, mji wa pwani wenye joto kali. Sauti ilikuwa na kasi zaidi Cayenne. Hiyo ni Nyahururu na Mombasa ya wakati huo, na mtu aliyeangalia kwa haraka angeweza kuulaumu mlima.

Aliyeirekebisha hesabu ya Newton ni Mfaransa mwingine, Pierre-Simon Laplace, mwaka wa 1816. Laplace alitambua kwamba wimbi la sauti linapopita, hewa hubanwa na kuachiliwa haraka sana. Kila inapobanwa hupata joto kidogo, na kila inapoachiliwa hupoa.

Anayejaza upepo kwenye gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono analijua hili, maana sehemu ya chini ya pampu hupata moto. Newton alichukulia kwamba joto hilo hutawanyika papo hapo. Laplace alisema kwamba halipati nafasi ya kutawanyika, kwa kuwa mtikisiko hugeuka mara mamia au maelfu katika sekunde moja. Joto hilo lililonaswa huifanya hewa ijibu msukumo kwa nguvu zaidi, na kasi ikaongezeka kwa takriban asilimia 18. Pengo likazibika bila kiraka chochote.

Uthibitisho ulifuata upesi. Katika usiku wa tarehe 21 na 22 Juni 1822, wanasayansi wa Ufaransa, miongoni mwao François Arago, Gay-Lussac na Mjerumani Alexander von Humboldt, walijigawa makundi mawili katika vituo vya Villejuif na Montlhéry, kusini ya Paris. Kila upande ulikuwa na mzinga.

Walifyatua kwa zamu ili upepo unaoisaidia sauti upande mmoja uizuie upande wa pili, athari yake ifutike. Umbali ulikuwa takriban kilomita 18.6, na sauti ilichukua wastani wa sekunde 54.6. Hewa ilikuwa na nyuzi 16. Kasi waliyoipata ilikuwa karibu mita 341 kwa sekunde, na kanuni ya darasani ya leo hutoa jibu lilo hilo: 331, ongeza 0.6 mara 16.

Shule isiyokuwa na mizinga inaweza kulirudia jaribio hili kwa mikono mitupu. Kinachohitajika ni ukuta mrefu, uwanja ulio wazi na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Mwanafunzi husimama mita 100 kutoka ukutani na kupiga makofi, kisha hurekebisha mwendo wake hadi kila kofi ligongane sawasawa na mwangwi wa kofi lililotangulia. Kila kofi basi huwa limesafiri mita 200.

Mwenzake huanza kuhesabu kutoka sufuri na kusimamisha saa kofi la 50 linapopigwa. Sauti itakuwa imetembea jumla ya mita 10,000. Asubuhi ya nyuzi 12, muda utakuwa kama sekunde 29.5. Alasiri ya nyuzi 30, utashuka hadi sekunde 28.6 hivi. Tofauti hiyo ya karibu sekunde nzima hupimika, mradi mpigaji makofi awe na subira na apimwe mara kadhaa. Ni jaribio lisilogharimu hata shilingi moja, na humfunza mwanafunzi mengi kuliko kukariri namba 340 kana kwamba ni amri ya serikali.

Namba hiyo ya kukariri ina madhara yake hata katika vyumba vya habari. Kwa sisi tunaohariri taarifa za mashirika ya kigeni, si ajabu kukutana na ndege iliyoelezwa kwamba iliruka kwa Mach 2, na mwandishi akageuza kipimo hicho kuwa kilomita kwa saa kwa kutumia kasi ya sauti ya usawa wa bahari, kilomita 1,225. Mach, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia Ernst Mach, ni uwiano tu. Huonyesha chombo kinakwenda mara ngapi ya kasi ya sauti mahali pale kilipo. Na kule juu kuna baridi kali.

Katika kimo cha mita 11,000, halijoto ya wastani inayotumiwa na wahandisi ni nyuzi 56.5 chini ya sufuri. Sauti huko husafiri mita 295 kwa sekunde, yaani kilomita 1,062 kwa saa. Ndege ya abiria ya Concorde, iliyohudumu kutoka mwaka wa 1976 hadi 2003, ilisafiri kwa Mach 2.04. Ukitumia kasi ya chini utapata karibu kilomita 2,500 kwa saa. Ukweli ni kwamba ilikwenda takriban kilomita 2,180. Kilomita zaidi ya 300 ni kosa lisilopaswa kupita mbele ya macho ya mhariri.

Rubani Mmarekani Chuck Yeager, mtu wa kwanza kuthibitishwa kuvuka kasi ya sauti katika ndege inayoruka sawasawa, aliingia katika historia tarehe 14 Oktoba 1947 akiwa kwenye kimo cha karibu mita 13,000. Alifikisha Mach 1.06, takriban kilomita 1,127 kwa saa. Lau angeikimbiza ndege yake kwa kasi iyo hiyo karibu na ardhi siku ya nyuzi 15, asingevuka mpaka huo hata kidogo. Baridi ya juu ilikuwa imemshushia kizingiti.

Linganisha na Andy Green, rubani wa jeshi la Uingereza aliyeendesha gari la ThrustSSC katika jangwa la Black Rock, Nevada, tarehe 15 Oktoba 1997. Green alifikisha kilomita 1,228 kwa saa na kuvuka kasi ya sauti akiwa ardhini. Hewa ya siku hiyo ilikuwa baridi. Katika nyuzi 30, kasi ya sauti ni zaidi ya kilomita 1,250 kwa saa, na gari lile lile kwa mwendo ule ule lingebaki nyuma ya mpaka.

Wanamuziki nao wanalijua suala hili kwa masikio. Sauti ya zumari, filimbi au tarumbeta hutokana na mtikisiko wa hewa iliyomo ndani ya ala, na kasi ya sauti ikipanda, mtikisiko huongezeka. Joto la hewa hiyo likipanda kwa nyuzi 10 kutoka nyuzi 10, noti ya mitikisiko 440 kwa sekunde hupanda hadi karibu 448, tofauti ambayo sikio lililozoea huitambua mara moja. Ndiyo maana wapigaji hupuliza ala zao kwanza kuzipasha joto kabla ya kuzilinganisha.

Nyuzi za gitaa hufanya kinyume. Joto huzilegeza, na sauti ikashuka. Kwaya inayotoka nyanda za juu asubuhi na kupanda jukwaani Mombasa alasiri, ikiwa na tarumbeta na gitaa pamoja, itakuta ala hizo zimeachana kwa pande mbili tofauti.

Kadhalika kuna vifaa vinavyopima kina cha maji kwenye matangi na mito kwa kutuma sauti nyembamba isiyosikika na binadamu, kisha kuhesabu muda wa mwangwi kurejea. Kifaa kisichozingatia joto la hewa, kikiwekwa sawa kwa nyuzi 15 na kisha kutumiwa katika nyuzi 35, kitakosea kwa takriban sentimita 10 katika kila mita tatu za hewa zilizo juu ya maji. Kwa tangi la nyumbani, hilo si neno. Kwa kituo cha kutoa onyo la mafuriko, sentimita 10 zina uzito. Ndiyo sababu vifaa vizuri vya aina hiyo huwa na kipimajoto ndani yake.

Katika maji yenyewe, mambo ni tofauti kidogo. Mwaka wa 1826, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm waligonga kengele chini ya maji ya Ziwa Geneva lililoko Uswisi na Ufaransa, na wakati uo huo wakawasha baruti ili mmweko uonekane ng'ambo. Katika maji ya nyuzi 8, walipata mita 1,435 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi ya hewani.

Maji pia huipa sauti kasi zaidi yanapopashwa joto, lakini si bila mwisho. Maji safi hufikia kilele chake katika nyuzi 74 hivi, kwa kasi ya karibu mita 1,555, kisha kasi huanza kushuka.

Baharini, uhusiano huu umefanywa kipimajoto kikubwa. Mnamo Januari 1991, kundi la watafiti lililoongozwa na Walter Munk wa Marekani lilituma sauti nzito chini ya maji karibu na kisiwa cha Heard, kusini mwa Bahari Hindi. Vinasa sauti viliipokea katika bahari kadhaa, vingine karibu na pwani zote mbili za Marekani, umbali wa hadi kilomita 18,000. Safari ndefu zaidi zilichukua zaidi ya saa tatu. Lengo lilikuwa kuona ikiwa inawezekana kupima ongezeko la joto la bahari nzima kwa kuangalia jinsi muda wa safari hiyo unavyopungua mwaka baada ya mwaka.

Sauti hiyo iliwezaje kufika mbali namna hiyo? Ni kwa sababu sauti hupinda. Kila inapopita kwenye tabaka mbili zenye kasi tofauti, huelekea upande ule wenye kasi ndogo. Bahari kuu ina tabaka, mara nyingi kwenye kina cha kilomita moja hivi, ambamo kasi ni ndogo kuliko juu yake na chini yake. Sauti inayoingia humo hunaswa na kusafiri kana kwamba imo ndani ya mfereji.

Hewa nayo hufanya vivyo hivyo, na hapa ndipo joto linapogusa maisha ya kila mwananchi. Mchana, jua hupasha ardhi moto, na hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko ile ya juu. Kasi ni kubwa chini na ndogo juu, kwa hivyo sauti hupinda kuelekea angani na kumpita msikilizaji aliye mbali.

Usiku usiokuwa na mawingu, ardhi hupoa haraka. Hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, hasa katika mabonde kama yale ya Bonde la Ufa. Sauti iliyokuwa ikitorokea angani sasa hupindishwa na kurejeshwa chini, mbali na ilikotoka. Utulivu wa usiku huchangia pia, na mwelekeo wa upepo vilevile, lakini joto lina sehemu yake kubwa.

Hilo lina maana kwa wanaozozana kuhusu kelele za vilabu, mikesha na matanga. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa nchini Kenya mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka viwango vya usiku vilivyo chini ya vile vya mchana. Hata hivyo, afisa anayefika na kipimo chake saa tisa alasiri hawezi kuisikia kelele inayomwamsha mlalamishi saa tisa usiku, hata kama spika hazijaongezwa sauti. Mwenye baa anayeapa kwamba hajagusa chombo chake huenda anasema kweli, na jirani asiyepata usingizi vilevile anasema kweli.

Suala la kupinda lina uzito zaidi wakati wa mvua za radi. Eneo la Ziwa Victoria, pamoja na nyanda za Kisii na Kakamega, hukumbwa na ngurumo mara nyingi mno, na radi huua watu na mifugo.

Kanuni ya kuhesabu ni ile inayojulikana: uonapo mmweko wa umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha ugawe kwa tatu upate kilomita. Joto haliiharibu kanuni hii. Katika nyuzi 12 sauti huchukua sekunde 2.95 kumaliza kilomita moja, na katika nyuzi 35 huchukua sekunde 2.84. Kwa kilomita 10, tofauti ni sekunde moja tu. Anayehesabu Kericho na anayehesabu Lodwar wanaweza kutumia tatu bila wasiwasi.

Hatari iko kwingine. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja kwenda juu, na ngurumo inayotoka mawinguni hupindishwa kuelekea angani kadiri inavyosafiri. Ikifika umbali wa kilomita 20 hivi, aghalabu huwa imepita juu ya kichwa cha msikilizaji. Umeme utaonekana ukimeta upeoni bila sauti yoyote, na wengi huuita umeme wa joto tu, usiokuwa na madhara.

Umeme huo ni umeme kamili, na wingu lake laweza kuwa njiani. Isitoshe, radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka mahali mvua inaponyesha, penye anga iliyo wazi.

Kwa hivyo wataalamu wa usalama hushauri kwamba muda kati ya mmweko na ngurumo ukiwa sekunde 30 au chini yake, ambazo ni kama kilomita 10, kila aliye shambani, uwanjani au ziwani aingie ndani ya nyumba madhubuti au gari lenye bodi ya chuma, wala asijikinge chini ya mti. Asitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho kusikika. Kwa mvuvi aliye kwenye mashua, ambaye hana pa kuingia, kumeta kwa upeo wa ziwa kabla ya ngurumo kusikika ndio wakati wa kugeuza mashua kuelekea ufuoni.